Mpira Uliolegea Ziwani Mweru

Harufu ya mpira uliochomwa na jua hunisimamisha mpaka leo. Nikipita penye mafundi wa baiskeli, narudi kwenye mchanga wa Nchelenge, miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo nimeng'ang'ania chitenge cha mama.

Habari ilikuwa imefika kwamba nyanya yuko taabani kule kisiwa cha Kilwa, katikati ya Ziwa Mweru. Mama hakujua kuogelea, na ziwa lilikuwa limemchukua baba yake. Hata maji ya kupikia aliyachota akitazama kando. Mdogo wake mama, mjomba wangu niliyemwita Yama Chola, alipata dawa ya woga huo: mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Aliujaza upepo pale mchangani, jua la utosi, hadi ukalia kama ngoma.

"Yaya," alimwambia dada yake, "mutumbwi ikipinduka, hii itakubeba."

Akaufunga kwa kamba ubavuni mwa mtumbwi, ukawa unaelea karibu na mama. Mama aliushika kwa mkono mmoja, mimi kwa mwingine.

Nchi kavu ilipobaki kama uzi nyuma yetu, nikaona kidole gumba cha mama kinazama kwenye mpira. Akabonyeza tena.

"Chola, upepo inatoka."

Yama aliacha kasia, akauzungusha mpira majini akitafuta mapovu. Hakuona hata moja.

"Haina tundu, Yaya."

"Basi upepo imeenda wapi?"

Mawimbi yalikuwa yameanza kuturushia maji mapajani. Yama akauliza kwa sauti ndogo kama turudi. Mama alitazama tulikotoka, kisha kisiwani.

"Mama ananingoja. Piga kasia."

Akaanza kusali chinichini, kidole kikibonyeza, na kila kilipozama nami nilibana pumzi.

Tulifika. Mpira tukauacha juani, tukakimbilia kwa nyanya. Alikuwa hai, jioni alikunywa uji mkononi mwa mama. Yama aliporudi kuchukua mizigo, aliukuta mpira umekaza tena, na pampu tuliiacha Nchelenge. Alicheka, lakini aliuviringisha nyumbani kwa kijiti, asiuguse kwa mkono.

Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alitueleza kwamba hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma kwa nguvu zaidi, na ikipoa nguvu hiyo hupungua, ingawa haijavuja hata kidogo. Nikaacha kuandika. Kumbe ni maji baridi tu.

Lakini mama hakulijua hilo. Siku zote nilidhani aliushikilia ule mpira kwa kuutumaini. Alikuwa ameshaukatia tamaa katikati ya ziwa, na bado akasema, piga kasia.