Gari Lililovuta Kushoto

Kwetu Tanga yaya ni mlea watoto. Kwa hiyo jirani yangu wa Berea, mtaa ninaoishi huku ugenini, msusi kutoka Lubumbashi, aliponiita yaya mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. "Nimlee nani mimi?" Akanieleza kuwa kwao yaya ni kaka mkubwa. Basi, nikaukubali ukubwa.

Mwaka 2017 nilikuwa fundi wa alaimenti, kazi ya kunyoosha magurudumu, katika duka la matairi kule Kensington, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. "Yaya," akaniambia siku moja, "motokari yangu iko navuta kushoto." Nikapapasa tairi la mbele kwa ndani. Lilikuwa limeliwa, laini kama kipara. Kwa nje zima kabisa. Ukilitazama umesimama huoni kitu. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Nikamwambia kesho, inshallah.

"Hiyo inshallah yako haina tarehe?" akawa ananitania. Mara mbili alileta gari mpaka dukani, nikamwambia kuna foleni. Eish, foleni gani! Ile mara ya pili mashine ilikuwa imekaa bure, nami nakula kota, ule mkate uliojazwa chipsi, huku nabishana mambo ya mpira. Mpaka leo najuta.

Baba yake akafariki kule Lubumbashi. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi, na ilibaki ndege moja tu ya kumwahisha. Njiani kwenda uwanja wa ndege tairi lile likapasuka. Yeye hakuumia, alhamdulillahi. Akanipigia: "Yaya, kuya mbio!" Nikakimbia na tairi jingine, nikalifunga. Tulipofika, mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Alikaa juu ya begi lake akalia kwa sauti, watu wakipita. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini aliyengojesha ni mimi na aliyeumia ni yeye. Mazishi ya babake aliyasikiliza kwenye simu, chumbani kwake Berea.

Wiki ileile nililinyoosha gari lake, kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia mteja yeyote. Tukatoka kulijaribu, yeye akiendesha. Penye barabara iliyonyooka aliachia usukani kidogo, gari likaenda sawa bila kuyumba. Nikangoja aseme neno, hata kunitukana anitukane tu.

"Asante, fundi," akasema.