Milingoti ya Alama Mbili

Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijui kama nimewahi kuikunjua vizuri. Shuleni nilimvunja binti mmoja jino kwa sababu ya kiazi cha kuchoma. Nilipoanza kuuza mbao Lyamkena, pale Makambako, nilimcharaza dalali mmoja kwa ubao mpaka akaruka mtaro akaacha kiatu. Nayasema mapema asije mtu akaniona malaika. Habari hii ni ya jiwe nililompiga nalo mtu asiye na kosa, na ya shimo la dhahabu ambalo mimi na baba yangu tuliligeuza kaburi la mume wangu.

Kwetu, karibu na Uwemba, baba alikuwa na desturi yake: mtoto akizaliwa, anapandiwa miti. Dada yangu alipandiwa ya kwake, na mimi wa pili nikapandiwa milingoti bondeni. Mti ukikatwa, kabla haujatoka shambani, baba huuchanja shoka shinani: alama moja ya dada, alama mbili za kwangu. Alisema hataki tuje tuigombee miti yeye akiwa kaburini. Milingoti yangu ilivunwa nikiwa sekondari, ikapelekwa upande wa Ludewa, kwenye machimbo ya dhahabu, ikawa matimba. Hayo ni magogo yanayopangwa kuzunguka kuta za shimo ili udongo usimwangukie mtu aliye chini.

Machimbo yale yalikuwa na fujo, jamani! Watu walipigana panga kwa sababu ya kiroba cha mawe. Niliwahi kufika mara moja na baba, nikaona mwanamume anatembea ameshika sikio lake mkononi anauliza hospitali iko wapi, na wenzake wanacheka. Halafu maji yakajaa mashimoni, dhahabu ikapotea, watu wakahama mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Tuliporudi na baba, miaka baadaye, tulikuta mji umekufa. Baa ilikuwa haina paa. Ukutani mtu aliandika kwa mkaa matusi ya mama wa mtu. Mashine ya kusagia mawe imeota kutu, na ndani ya gesti ng'ombe wa kijiji walikuwa wamelala. Tulizunguka shimo kwa shimo, tukichungulia, tukitupa kokoto kusikia kina. Shimo moja maji yalikuwa yamekauka, na matimba yake yalikuwa mazima kabisa. Baba akainama, akafuta tope kwa kiganja. Alama mbili.

"Mwanangu, miti yako hii," akasema. "Inaoza bure, na nguruwe wangu wanalala matopeni."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu, watu wa miti. Mtu wa kwetu haoni shimo. Anaona mbao zilizoachwa. Mchimbaji yeyote angetuambia kwamba anayeng'oa matimba ni muuaji, hata shimo likiwa limeachwa. Lakini hatukuwa na mchimbaji wa kutuambia, na kama angekuwepo ningemtukana. Miti si yangu? Nilipandiwa mimi!

Tulikodi kenta. Baba alishuka na kamba, akafunga gogo baada ya gogo, mimi juu nikimwelekeza dereva avute. Tuling'oa ya katikati na ya chini. Ya juu, pale mdomoni, baba alisema tuyaache, mtu wa kijiji akipita asione kitu. Nikaona ni akili nyingi sana hiyo. Banda la nguruwe likajengwa, likapendeza, majirani wakalisifu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole, mpaka watu wakauliza alinipendea nini. Hakuwahi kuuliza banda lile limejengwa kwa miti ya wapi. Mkwe haulizi mambo ya banda la baba mkwe, na mimi nilinyamaza kwa aibu ndogo tu ya mtu aliyeiba cha kwake. Mwaka jana, baada ya masika, aliniaga kwamba anakwenda Tandala kuchomelea mageti. Aliniongopea. Yeye na rafiki yake, fundi mwenzake, walisikia kwamba kwenye mashimo ya zamani yamebaki mawe mazuri, na alijua ningemfungia mlango.

Simu ilinikuta kwa baba, asubuhi, nakatia nguruwe majani. Shimo limeanguka machimboni, mume wangu yumo ndani. Nilimvuta baba kwa mkono bila kumweleza ni shimo gani, maana nilikuwa bado sijui, na tukapanda pikipiki mpaka makalio yakafa ganzi.

Tulipofika, watu wa kijiji walikuwa wamechimba tangu alfajiri. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa ameshafika na ndugu zake kutoka Makambako. Mume wangu alilazwa kwenye turubai, amefunikwa kitenge cha mwanamke nisiyemjua. Nilifunua. Mdomo ulikuwa umejaa udongo mwekundu. Nilianza kuutoa kwa kidole, nikiutoa unatoka mwingine, nikapiga ukelele uliowatoa ng'ombe gestini.

Ukelele ule ndio ulioanzisha. Rafiki yake alikuwa amekaa pembeni, mikono imechunwa na kamba, mzima. Yeye ndiye aliyekuwa juu akishika kamba wakati mwenzake anashuka.

"Kwa nini wewe umebaki juu?" shemeji akamuuliza.

"Tulipokezana zamu, kaka."

"Zamu! Umemtoa kafara, mbwa wewe!"

Neno kafara likishatajwa machimboni, hakuna tena mashauri. Mpini wa sepetu ulimpata begani, nikasikia mfupa. Akaanguka, wakamkanyaga. Mwanamke mzee alimpiga kwa kandambili, kijana akampiga nondo miguuni. Alikuwa akipiga kelele, anataja jina langu, ananyoosha mkono kwangu. Nikaokota jiwe la ukubwa wa kiazi mviringo. Nikamfuata, watu wakanipisha kwa heshima ya mjane, nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Lilimpata jichoni. Nilifurahi. Naomba Mungu anisamehe, lakini nilifurahi.

Halafu mtu akaja na dumu la petroli ya pikipiki.

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa shimo, mkono juu ya gogo la juu, uso umekuwa wa majivu. Alama mbili zilikuwa pale chini ya kiganja chake. Nikamsogelea.

"Baba, waambie."

"Nyamaza, mwanangu. Aliyekufa ameshakufa."

"Watamchoma!"

Akanishika mkono kwa nguvu. Nikamsukuma baba yangu mzazi, akaanguka chali kwenye tope, na mimi nikaenda kumlalia yule mtu pale chini. Petroli ilinimwagikia shingoni. Nikapaza sauti: "Ni sisi! Mimi na baba! Tuling'oa matimba tukajengea nguruwe! Nendeni mkaangalie chini kama kuna hata gogo moja!"

Shemeji alichungulia shimoni. Kisha akarudi akanipiga kofi lililonilaza, na sikumlaumu. Lakini dumu lilifungwa.

Polisi niliwaeleza hivyo. Padri pia. Nilisema nilirusha jiwe kwa uchungu, kisha nikaona alama, ndipo nikatambua, nikasema ukweli. Walinionea huruma. Baba amelibomoa banda kwa shoka, gogo kwa gogo, na hatuzungumzi zaidi ya kusalimiana.

Mwezi uliopita rafiki yule alikuja dukani kwangu Lyamkena. Bega limeshuka upande mmoja, na jicho la kushoto halipo. Nilimpa stuli.

"Kamwene, shemeji," akanisalimia.

"Kamwene."

Nikamwekea chai. Hakuinywa.

"Siku ile nilikuwa nakuita," akasema. "Nilitaka nikuambie maneno yake ya mwisho. Aliziona zile alama pale juu, akacheka, akasema, 'Hii miti ya mke wangu, haiwezi kunidhuru.' Akashuka. Ulinisikia nikiyasema?"

Mbao zilikuwa zinapakuliwa nje, zinaangushwa moja moja. Ningeweza kusema kelele zilikuwa nyingi. Ngumi zangu zilikuwa mapajani, nimezikunja.

"Nilikusikia."

"Kabla ya jiwe au baada?"

Nilijua nikimjibu sitakuwa tena mjane aliyepandwa na uchungu. Nitakuwa mtu aliyesikia, akaelewa ni nani muuaji, akarusha jiwe ili yule aliye chini anyamaze.

"Kabla," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akaivuta chai, akanywa funda moja.

"Najua, shemeji. Nilikuwa nakutazama. Jicho hilo ulilolitoa ndilo lililokuona."