Ferista wa dirishani na maji yaliyopelekwa mpakani

Saa moja asubuhi. Ukungu haujaiachia mibuni ya Iyula, wilayani Mbozi, lakini stoo ya karakana ya matrekta tayari iko wazi. Ferista Nzunda anaandika neno moja kwa chaki kwenye bati la pipa lililopakwa masizi, anajishika kiuno, anarudi nyuma kulitazama. Akiridhika anaingia ndani na kusimama nyuma ya dirisha la kutolea vipuri.

Ndipo mafundi wanne wanaposogea, ovaroli zao zimekakamaa kwa grisi. Mkubwa wao, Jairo Kibona, anakunja uso mbele ya ubao. Kwa asiyejua, neno lile linasomeka kama kikohozi: HACOC.

"Nasos," anasoma Jairo.

"Maana yake?" sauti inauliza kutoka ndani.

"Pampu," anajibu, akiutazama ukuta.

Hakuna anayeshika spana Iyula kabla ya kusoma neno la siku kwa Kirusi. Aliyeweka sheria hiyo si meneja wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye elimu ya darasa la nane, mshahara wa shilingi 640 kwa mwezi, na mimba ya miezi minane.

Mimba hiyo ndiyo inayomtia haraka. Zimebaki wiki tatu aanze likizo ya uzazi, na mwezi huu wa Oktoba imekuja barua: trekta lolote lisilotembea ifikapo tarehe 15 Novemba litahamishiwa kituo kingine. Iyula ina matrekta matatu ya Kirusi. Moja linatembea. La tatu limekwisha kuwa ghala la vipuri vya wenzake. La pili liko juu ya magogo, pampu yake ya dizeli imefunguliwa na kutandazwa juu ya gunia. Likiondoka hilo, karakana haitabaki na sababu ya kuwepo, na ekari mia nne za mahindi ya vijiji zitarudi kwenye jembe la mkono.

"Mara ya mwisho nilipokwenda kuzaa, matrekta yote yalikufa," anasema Ferista. "Safari hii hayafi."

Anasema hivyo bila kupandisha sauti, huku akihesabu oringi za mpira kwenye kopo la maziwa. Mtu anayemfahamu anajua kwamba hapo ameshaapa.

Ferista alianza kazi ya stoo mwaka 1975, vijiji vipya vilipokuwa ndio kwanza vinaezekwa. Matrekta yalifika yakiwa yanang'aa, na pamoja nayo makreti ya vipuri yenye maandishi ambayo hata mwalimu mkuu aliyageuza juu chini bila mafanikio. Mwaka uliofuata akaja Genadi, fundi wa Kirusi, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza.

Siku ya kwanza Genadi alishuka garini na kuuliza, "Trekta iko wapi?" Hakuuliza watu wameamkaje, hakuuliza habari za nyumbani, wala mvua. Mafundi walimwonyesha trekta kwa kidole na kuendelea na yao. Kwa wiki mbili kila alichoomba alijibiwa kesho. Yeye akaandika kwenye ripoti yake kwamba watu wa hapa ni wavivu. Wao wakakubaliana kwamba mzungu huyu hakulelewa na mama.

Ferista ndiye aliyechoka kuwatazama. Alimweleza mgeni kwamba hapa kazi huingia kwa mlango wa salamu, na asiyesalimia anahesabiwa amekuja kukamata watu. Genadi alisikiliza, akaandika. Kesho yake aliwauliza mafundi mmoja mmoja wameamkaje, akauliza na habari za ng'ombe wa mtu asiye na ng'ombe. Watu walicheka hadi wakakaa chini, na mchana huo injini ya kwanza ikafunguliwa.

Naye alilipa kwa sarafu ya kwao. Alimfundisha Ferista kwamba Mrusi mtu mzima, anayestahili heshima, haitwi jina lake peke yake. Linafuatiwa na la baba yake. Yeye alikuwa Genadi Pavlovich, mtoto wa Pavel. Ferista, kwa kuwa baba yake ni mzee Luka, akawa Ferista Lukinishna. Mafundi wanamtania kwa jina hilo mpaka leo, lakini mwenyewe anasema siku alipoitwa hivyo mara ya kwanza alijisikia kama baba yake ameingia karakana na kupewa kiti.

Kisha akafundishwa herufi, ili aweze kupokea mizigo. Hapo ndipo lilipoanza tatizo ambalo Ferista hulisimulia bila kujipendelea.

"Nilionja utamu wa kuulizwa," anasema. "Meneja mwenyewe alikuja kusimama hapa dirishani, mimi nikasoma kreti, nikamwambia huu ni mkanda, hii ni filta. Nikasema moyoni, herufi hizi nikizigawa nitabaki na nini?"

Hakuwa peke yake katika uchoyo huo. Jairo, ambaye sasa ana miaka hamsini na saba, alijifunzia ufundi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba ya Kitwe. Miaka sita aliosha vyuma na kuchota maji huku akiiba kazi kwa jicho, maana fundi wake alimgeuzia mgongo kila alipofika penye siri. Aliporudi nyumbani akawa hodari kuliko wote, naye akageuza mgongo vilevile. Ikifika zamu ya pampu ya dizeli, wenzake walitumwa kutafuta matambara.

"Mimi nilifundishwa kwa kufichwa," anasema Jairo. "Sikujua kwamba kuna namna nyingine."

Kati ya wawili hawa kulikuwa na ukuta mwingine. Jairo ni mdogo wa baba mkwe wa Ferista, na kwa watu wa Undali alikoolewa, mkamwana hatazamani na mkwewe wala hataji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Kazini walijitungia utaratibu: Jairo hamsemeshi Ferista, analisemesha dirisha. "Dirisha, nina shida na gasketi." Gasketi inawekwa kwenye ubao wa dirisha, Ferista anarudi nyuma hatua mbili, Jairo anachukua. Kwa miaka kadhaa utaratibu ulikwenda vizuri, heshima haikuvunjika na gasketi zilipatikana.

Genadi alimaliza mkataba mwaka 1979 na kuondoka. Alimwachia Ferista kitabu kinene cha kijani cha matengenezo, chote kwa Kirusi. Miezi michache baadaye Ferista akajifungua mtoto wa tano, akawa ndani.

Wiki hiyohiyo likaja gari na madumu sita mazito yaliyofungwa, bila hati ya maana. Kila dumu lilipigwa neno moja kwa rangi nyeusi: ВОДА. Jairo ndiye aliyekaimu stoo. Herufi ya kwanza alijua ni B, ya pili O, ya mwisho A. Ya tatu ilifanana na kibanda chenye miguu miwili, lakini hata kipofu angeikisia, kwa sababu katika Mbozi nzima hakuna asiyelijua neno hilo. Boda. Mzigo wa mpakani, Tunduma, umeshushwa kwa makosa.

Angeweza kuuliza. Lakini wa kuuliza alikuwa mkamwana wake, tena mzazi, tena ndani, na huko hakuna dirisha. Mkwe hapigi hodi kwenye nyumba ya uzazi ili kuuliza habari za madumu. Jairo, mtu mwaminifu asiyetaka mali ya wengine, akayapakia kwenye lori la Yahaya, msafirishaji wa Tunduma, na kumsisitiza ayafikishe salama.

Yalifika salama. Tatizo ni kwamba mpakani hakuna aliyeyaagiza. Yahaya aliuliza kila mahali alipojua, mwisho akayahifadhi nyuma ya duka lake, karibu na magunia ya chumvi. "Mali isiyo na mwenyewe ina mwenyewe," anasema. Hakuyafungua.

Huku Iyula betri za matrekta zilikuwa zimeanza kukauka. Kila siku mafundi walisubiri maji safi ya betri waliyoahidiwa, hayakuja. Wakajaza maji ya kisima. Kabla ya msimu kwisha betri zote tatu zilikuwa zimekufa, na betri mpya haikupatikana hata kwa dawa. Matrekta yakawa yanalazwa juu ya mteremko na kuwashwa kwa kusukumwa na wanakijiji, mama na watoto wakishangilia. Siku mvua ilipoulainisha mteremko, yakalala yote.

Ferista aliporudi kazini, alikutana na Yahaya aliyekuja kununua mahindi. Katika maongezi Yahaya akamtajia madumu ya boda yaliyokosa mwenyewe, na safari iliyofuata akamletea moja alione. Ferista akasoma.

Neno hilo halihusiani na Tunduma. B ya Kirusi ni V. Neno husomwa vada, na maana yake ni maji. Maji ya betri.

"Nilicheka," anasema Ferista. "Halafu nikalia mpaka Yahaya akaogopa. Herufi moja tu ile. Ningekuwa nimewaambia hata herufi moja."

Yahaya hakumpa pole nyingi. Alimwambia tu, "Dada, mficha uchi hazai," akapanda lori lake.

Kesho yake ubao ukatundikwa. Neno la kwanza lilikuwa lilelile la kwenye dumu.

Mafundi vijana walijifunza upesi, lakini Jairo hakusogea. Mwaka mzima alipita mbele ya ubao kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mtu anayemdai. Aibu ya madumu haikumtoka, na kufundishwa na mkamwana ni jambo ambalo hata kulisimulia ni zito. Ferista hakumlazimisha. Alichofanya ni kuandika herufi kubwa zaidi, na kila asubuhi kuondoka ubaoni kabla Jairo hajafika, ili awe anasoma bati, si mtu.

Siku moja mwaka jana Jairo alikuja dirishani na pampu ya dizeli mikononi. Aliiweka kwenye ubao wa dirisha. Ferista akarudi nyuma hatua mbili kama kawaida, lakini Jairo hakuondoka. Akaanza kuifungua palepale, taratibu, mikono yake ikiwa imeelekea ndani, na kila skrubu akiiinua juu kabla ya kuiweka chini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anafanya kazi hiyo bila kugeuza mgongo.

Ferista alichukua kitabu cha kijani, akafungua kurasa za pampu, akafuata mikono ya Jairo kwa macho. Mahali kitabu kilipomshinda, mikono ilieleza. Mahali mikono ilipobahatisha, kitabu kilikuwa na kipimo. Walipomaliza alikuwa ameandika kurasa nne za Kiswahili kwenye daftari la shule.

Sasa madaftari ni matatu, yameshonwa kwa waya wa breki. Ameyaandika kwa taabu. Mafuta ya taa yameadimika, kwa hiyo anaandika mchana, saa ya chakula. Sabuni haipo, kwa hiyo kila ukurasa una kidole cha dizeli. Ametumia hata karatasi za kufungia vipuri.

Leo ni zamu ya kuyapima. Ferista amejipa amri ya kutosema lolote. Pampu ya trekta la pili inarudishwa mahali pake kwa kufuata daftari peke yake, kama vile yeye yuko nyumbani ananyonyesha. Meneja amekuja, na Yahaya, aliyewaazima betri ya lori lake, amekaa juu ya tairi. Jairo anasoma, vijana wanafunga.

Saa nne wanajaribu. Injini inakohoa na kuzima. Wanajaribu tena, inazima. Mafundi wanageuka kulitazama dirisha. Ferista anajua kosa liko wapi. Amekwisha kuliona, mikono yake imeshika ukingo wa dirisha.

Jairo anarudi kwenye daftari. Anapitisha kidole mstari kwa mstari, anasimama, anafungua kitabu cha kijani kuhakikisha, midomo yake ikisoma herufi za Kirusi moja baada ya nyingine. Kisha anachukua spana ndogo, anailegeza skrubu ya pampu, dizeli inatoka na mapovu mpaka inakuwa safi. Walikuwa wamesahau kutoa hewa.

Safari ya tatu trekta linawaka. Moshi mweusi unatanda hadi kwenye mibuni, na vijana wanarukaruka. Ferista anafuta uso kwa kitenge, hajali kama watu wanaona.

Baadaye anaeleza mpango wake. Anataka madaftari yapigwe chapa na kufika kila kituo chenye matrekta haya, Msangano, Mbangala, popote, ili asiwepo mtu mwingine wa kuua betri kwa herufi moja. Ameshaanza barua ya kuomba msaada kwa Warusi walioko Dar es Salaam. Ukurasa wa kwanza wote ni salamu, na kila anayetajwa ametajwa na jina la baba yake.

Jairo anakuja dirishani kurudisha spana. Anaiweka kwenye ubao, na macho yake yako ukutani kama ilivyo desturi.

"Dirisha," anasema, "nenda kazae. Madumu yakija, tutayasoma."

"Dirisha limesikia," anajibu Ferista.