Aliyechezea Shira

Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja alichanganya kokteli katika baa ya hoteli, na kila mtu pale alimwita Fundi. Hakutumia kipimo. Alimimina ramu kwa jicho, akakamua ndimu, akaongeza shira ya tangawizi aliyoipika mwenyewe, akatikisa kopo mpaka likaota umande, kisha akaonja tone moja. Ulimi wake ndio uliokuwa na neno la mwisho.

Mchana mmoja, glasi ikarudi. Tamu mno, mteja alisema. Kesho yake zikarudi mbili. Fundi alionja, hakuona kasoro. Mkono wake haukuwahi kukosea, na hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia: kuna mtu anachezea shira. Nani tena kama si Mrefu, mwenzake mgeni pale kaunta, ambaye siku hizi alimtupia jicho la pembeni kila akigusa chupa?

Akaanza kumvizia. Chupa ya shira aliifunga uzi kifunikoni, akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Salamu za Mrefu aliziitikia kwa mdomo tu. Uzi haukukatika hata mara moja, lakini glasi ziliendelea kurudi. Akasema moyoni, huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumapili, Fundi akiwa nyumbani anakunywa maziwa, mumewe alinusa ile bilauri, akamshika mkono.

"Mke wangu, maziwa haya yamechacha. Husikii?"

Hakusikia. Alikata kitunguu, akakisogeza puani. Machozi yalimtoka, lakini harufu hakuna. Akalamba sukari, ikawa kama mchanga. Ndipo alipokumbuka mafua ya mwezi uliopita, yaliyomlaza siku nne. Yalikuwa yameondoka na pua, na ulimi pia. Akakaa.

Jumatatu alimwita Mrefu stoo, akamweleza yote, uzi na ufunguo, bila kumtazama usoni.

"Mimi nilidhani unalewa kazini, Fundi," Mrefu alisema. "Nilikuwa nakunusa kila ukipita."

Walicheka, ingawa kicheko cha Fundi hakikufika mbali.

Tangu hapo anachanganya kwa kipimo, na Mrefu ndiye anayeonja. Daktari alimwambia avute subira. Mwezi wa tano baada ya mafua, akikamua ndimu, alisimama ghafla: harufu hafifu, kama inatoka chumba cha pili. Tangawizi bado. Humuuliza Mrefu kama imekolea, na akiambiwa ndiyo, humtazama mara mbili kabla ya kuamini.