Ufunguo wa Gari la Watalii

Trekta la marehemu baba mkwe lilikataa kuwaka wakati ule ule mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya msitu wa Ngorongoro, na mimi ndiye niliyeambiwa nitulie. Sikutulia. Mbulumbulu nzima, kijijini kwetu, inajua kwamba mimi si mtu wa kutulia.

Ni trekta la petroli, la zamani sana. Mzee alilinunua kwenye shamba moja kubwa lilipovunjwa, kabla mume wangu hajazaliwa. Halina betri. Moto wake unatengenezwa na magneto, kidude cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. Unazungusha handeli kwa mbele, sumaku ya ndani inazunguka, cheche inaruka kwenye plagi, basi. Mzee alinifundisha kuzungusha nikiwa bado bibi harusi, maana mgongo wake ulikuwa umechoka, na mume wangu anafanya kazi kwenye lodji ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta, harudi mpaka apewe likizo.

"Dole gumba lilale pamoja na vidole vingine," alikuwa ananiambia. "Handeli ikirudi nyuma itakuvunja mkono, halafu ugali nipike mimi?"

Alipofariki, shemeji yangu mkubwa akaja na akili zake za mjini. Yeye ni dereva wa watalii, anakaa Karatu. Alikuta jirani amelichukua trekta akalimia kwake bila kumuuliza mtu, akakasirika, na hapo nilikuwa upande wake. Akasema, "Chombo kisicho na ufunguo ni cha mtaa mzima." Kitufe cha kuzimia kilikuwa kimeliwa na kutu, kwa hiyo akakitoa, akafunga swichi ya ufunguo aliyoing'oa kwenye gari bovu la watalii. Ufunguo akautia mfukoni. Alijipongeza sana siku ile.

Tangu siku ile trekta halikuwaka tena.

Alizungusha ufunguo, wanaume wakapokezana handeli mpaka mashati yakalowa, hakuna hata kikohozi. Akafuta mikono. "Magneto imekufa. Shemeji, hiki sasa ni chuma chakavu. Hata makumbusho hawakitaki."

Mimi nikamuuliza, "Limekufa siku uliyoligusa?"

"Shemeji, tuheshimiane."

Shida haikuwa trekta peke yake. Kulikuwa na mkulima wa ngano kutoka Arusha aliyekuwa anazunguka kukodi mashamba, na shemeji alikuwa ameshampa namba ya mama mkwe. Mama mkwe akatoa neno lake jikoni, bila kunitazama: "Mvua ya kwanza ikianguka shamba halijakatuliwa, nampa huyo bwana. Siwezi kuliacha lilale." Watu wa aina hiyo wakishaingia na mitambo yao, unawasubiri watoke mpaka mtoto wako anaoa. Shamba lile ndilo mahindi yetu na maharage yetu. Matrekta ya kukodi yalikuwa na foleni ndefu, mvua ingetuwahi, na maksai wa jirani kiangazi kilikuwa kimewabakiza mbavu. Nilimpigia mume wangu simu. Akasema, "Sasa mimi nifanyeje nikiwa huku?" Nikakata.

Asubuhi iliyofuata shemeji alikuwa Serengeti na wageni, ufunguo amemwachia mama yake. Nikaenda kuuomba, mtoto mgongoni.

"Kwani wewe ni fundi?" mama mkwe akauliza.

"Si fundi, mama. Nina njaa ya mwakani."

Akaufungua kwenye pindo la khanga, akanipa. Akajibebea ungo wake wa maharage, akaja kukaa karibu na trekta, achambue huku ananichunga.

Nikauweka ufunguo penye kuwasha, kama shemeji alivyoelekeza. Nikafungua plagi moja, nikairudishia waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini nione kama itatoa cheche. Nikazungusha. Giza tupu. Nikafungua kifuniko cha magneto, nikakuta ndani kumetoa jasho. Mzee alikuwa anafunika injini kwa gunia, linapumua. Shemeji alileta turubai la plastiki, na kwa ukungu wetu huu, kila asubuhi maji yalikuwa yanachuruzika humo ndani. Nikasema nimempata mchawi. Nikafuta, nikaianika juani. Pointi zake, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, zilikuwa nyeusi, nikazipitishia msasa. Nikafunga. Nikazungusha.

Hakuna.

"Mtoto ana njaa," mama mkwe akasema.

"Najua."

"Anakula mkono wake."

"Mama, namwona."

Nilipiga tairi teke, nikaumia kidole. Nikakaa chini, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamnyonyesha, mikono yangu myeusi nimeinyanyua nisimpake grisi. Hapo ndipo macho yalipotua kwenye ile swichi kwa nyuma. Nyaya mbili. Mmoja unatoka kwenye magneto, mwingine umefungwa kwenye bodi. Fizikia nilitoka nayo na D kidato cha nne, lakini D nayo ina kazi yake. Nikajiuliza: umeme wa hapa unatoka wapi? Betri hakuna. Kwa hiyo ule waya hauleti kitu. Ule waya unapeleka.

Kwenye gari, ukiwasha ufunguo umeme unakuja. Huku umeme unazaliwa ndani ya magneto yenyewe, na waya wa mzee ulikuwa wa kuzimia: ukigusa bodi, moto wote unapotelea kwenye chuma. Shemeji akizungusha ufunguo kuwasha, alikuwa anazima. Wanaume wote wale walizungusha handeli kwenye trekta lililozimwa.

Nilitaka awe amefanya makusudi. Ningejua pa kuipeleka hasira. Lakini hapana, alifanya kwa kujua sana magari.

Nikamrudisha mtoto mgongoni, nikauchomoa waya ule kwenye magneto. Nikarudi kwenye handeli, mkono mmoja ukiishikilia ile plagi isidondoke, uzembe mtupu. Cheche ilinipiga mpaka kwenye kiwiko. Nikatukana, kwa Kiiraqw, mbele ya mama mkwe.

"Limekuuma?" akauliza.

"Limeniuma."

"Basi ni zima. Lete mtoto."

Nikampa mtoto, nikafunga plagi, dole gumba nikalilaza pamoja na wenzake, nikazungusha. Likakohoa, likatema moshi mweusi, likakubali. Plau ilikuwa bado imefungwa nyuma tangu msimu uliopita. Nikapanda, sikusubiri baraka.

Kufika alasiri nilikuwa nimekatua zaidi ya nusu, mawingu yameshashuka mpaka kwenye miti, mtoto nimemnyonyesha usukanini bila kuzima, kwa woga wa kuanza upya. Ndipo shemeji akatokea na vumbi la safari. Akaja mbio mpaka tuta la mwisho, nikasimama, akadandia. Hakunisalimia. Akaurudisha ufunguo penye kuzima. Trekta likaendelea. Akauchomoa kabisa. Likaendelea.

Akautazama ufunguo mkononi mwake. "Umelifanya nini?"

"Nimetoa waya wako. Ulikuwa unalizima."

"Sasa linazimwaje?"

"Koki ya petroli. Lakini usiiguse."

Mama mkwe alikuwa ameshafika, mtoto begani. Aliangalia udongo uliopinduliwa, akaangalia kilichobaki, akaangalia mawingu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mpigie yule bwana wa ngano. Mwambie shamba lina watu."

"Mama, tungeongea kwanza nyumbani."

"Piga."

Akapiga. Kwa kelele zile hakusikia kitu, ikabidi avuke matuta yangu mapya na viatu vyake vya safari mpaka kule kwenye uzio, kidole kimoja sikioni. Sikupunguza moto. Nikaingiza gia, nikaendelea kulima.