Nani Kaigusa

Mume wangu haamini kwamba kitu kinaweza kuharibika chenyewe. Ana injini ndogo ya mvuke, haizidi kiatu kwa ukubwa, nayo ndiyo imekalia meza ya chakula. Sisi tunakula tumepakata sahani. Kila jioni anawasha spiriti, maji yanachemka, gurudumu linajikongoja nusu duara, linakwama. "Nani kaigusa?" Anaifungua, skrubu anazitupa kwenye kisosi changu, anaifuta kwa mkono wa shati, anaifunga huku akifoka. Juzi kosa lilikuwa maji niliyochota mimi. Jana ulikuwa ufagio wangu. Hata mama yangu, ambaye hajakanyaga hapa mwaka mzima, hakupona.

Leo amechokonoa tundu la mvuke kwa sindano, ukatoka uzi wa kijani. "Uzi wa nani huu?" Nilikuwa nimechoka. Nikaukamata mkono wa shati lake la kijani, pindo limechakaa nyuzi zinaning'inia, nikamsogezea puani. Akautazama. Akautia ule uzi mfukoni, akafunga skrubu zote, akawasha. Gurudumu likazunguka, likavuma. Akanigeukia, macho yamemtoka:

"Si nilisema! Kuna mtu kaigusa!"