Mvua Niliyoikosa Abuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema, nimevaa shati jeupe la kuazima, nikamkuta Mkuu wa Kituo amechuchumaa kwenye nyasi mbele ya mkebe wa shaba. Nilimwamkia. Hakugeuka. Nikamwamkia tena, akainua kidole kimoja. Alitoa chupa ndani ya mkebe, akamimina maji yake kwenye kioo chembamba chenye mistari, akakiinua mpaka usawa wa jicho, akaandika tarakimu katika kijitabu cha mfukoni. Alipokwisha kumwaga maji ndipo aliponipa mkono.

"Karibu," alisema. "Saa tatu hapana ngoja salamu."

Hivyo ndivyo mimi, Ayiko, nilivyoingia kazi ya usomaji wa vipimo katika kituo cha hali ya hewa cha Arua. Nyinyi vijana mnaiuliza simu kama kesho itanyesha, nayo inawajibu bila haya. Sisi hatukubashiri kitu. Kazi yetu ilikuwa kuandika yaliyokwisha kutokea, kila siku kwa saa ile ile. Ule mkebe ni kipimamvua. Kando yake kilisimama kibanda cheupe cha vipimajoto, kuta zake mbao zilizopangwa mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mlikuwa na kipimajoto kikavu na kingine kilichovishwa kitambaa chenye maji, na tofauti ya hivyo viwili ilituambia hewa ina unyevu kiasi gani. Nilichokipenda kuliko vyote ni tufe la kioo la kupimia jua. Jua likipita ndani yake huunguza mstari kwenye kadi iliyo nyuma, na wingu likitokea mstari unakatika. Jioni unatoa kadi, unaona siku nzima imejiandika yenyewe.

Mkuu alikuwa mtu wa Koboko, mtoto wa askari, aliyelelewa kambini na kusali swala zake tano bila kuchelewa hata moja. Suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata mkate. Asubuhi ile alinikalisha kwenye benchi akanipa sheria moja tu, na miaka yote niliyofanya kazi sikusikia nyingine iliyoizidi.

"Sikiliza, kijana. Wewe nasoma, wewe naandika. Kama hapana soma, weka kistari. Iko ugonjwa, iko matanga, hiyo ni ya Mungu. Weka kistari, na kwa pembeni andika sababu. Kistari iko kitu ya heshima. Lakini hapana danganya mvua. Mwaka ingine mutu atajenga daraja na ile namba yako."

Niliitikia, "Ndiyo, Mkuu," kama mtu anayejua anachokiitikia.

Sasa niseme habari ya adungu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Nasema "yeye" kwa makusudi. Nilimpata katika kijiji cha Ombaci, kwa seremala mmoja aliyetoka Kongo, fundi wa vitanda ambaye jioni alichonga ala kwa kujifurahisha. Adungu ni kinanda cha nyuzi: tumbo la mti lililovishwa ngozi, shingo iliyopinda, na nyuzi za nailoni za wavuvi, nene hadi nyembamba. Nilimwomba seremala anifundishe kwa juma moja. Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Hii haiko kitu ya mutu ya haraka, ndugu yangu. Kwanza akubali wewe."

Hakunikubali upesi. Mwaka wa kwanza nilipiga vibaya hata mbuzi wa jirani walihama kivuli cha nyumba yangu. Mke wangu Candiru alimpa jina la mke mwenza, na wageni wakiuliza niliko aliwajibu, "Iko nyuma ya nyumba, kwa ile bibi mdogo yake yenye tumbo ya ngozi." Walicheka wote, naye akacheka, lakini nilijua si mzaha mtupu. Jumamosi ambazo ningemsaidia kupalilia mihogo nilizimaliza nikikaza nyuzi. Paa la jikoni lilivuja msimu mzima, mimi mpima mvua nikisema nitalipanda kesho. Msidanganywe na anayewaambia kwamba unachokipenda hakigharimu kitu. Kinagharimu, na mara nyingi anayelipa si wewe uliyekipenda.

Mkuu alilisikia jambo hilo akakunja uso. Yeye hakuwa na mchezo wowote, wala bao, wala mpira, wala bustani. "Adungu iko kazi ya mutu hana kazi," aliniambia. Nikamuuliza yeye akitoka kazini hufanya nini. Alifikiri kidogo. "Mimi nangoja kesho."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Abuku, huko Koboko, kusimamia kituo kidogo cha mvua kwenye makao ya kata. Nilikuwa peke yangu na kipimamvua, kibanda kimoja cheupe na baiskeli ya serikali. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka daftari Arua. Candiru alikuja pamoja nami, na adungu pia, amefungwa kwa shuka nyuma ya baiskeli. Nikapata wenzangu: wakulima wanne waliokutana siku ya Jumapili kupiga, Wakristo watatu, na mzee Khemis, Mwislamu, aliyepiga lile adungu kubwa la sauti nzito ambalo mpigaji hulikumbatia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na watu wanaoningoja, si kwa sababu ya cheo wala ukoo, bali kwa sababu wimbo haukukamilika bila nyuzi zangu. Sijui kuwaeleza utamu wake zaidi ya hapo.

Ijumaa moja tulialikwa harusi ng'ambo ya mto. Nilipiga hesabu zangu: tulale huko, nirudi alfajiri, saa tatu inikute kituoni. Alfajiri mvua ikashuka. Mto ulijaa, ukabeba matawi na mwamvuli wa mtu. Saa tatu ilinikuta nimesimama ukingoni, adungu kichwani chini ya turubai, mkebe wangu ukijaa upande wa pili pasipo wa kuusoma. Kisha saa nne ikapiga mvua nyingine. Nilivuka adhuhuri. Maji niliyoyakuta kwenye chupa yalikuwa ya mvua mbili zilizochanganyika, na hakuna kioo duniani kiwezacho kuyatenganisha.

Dawa yake ilikuwa kistari. Nilishika kalamu kabisa. Lakini kistari kina nafasi yake ya sababu, na sikuwa na ugonjwa wala matanga. Ningeandika nini? Niliona jicho la Mkuu likisoma neno "adungu" katika daftari la serikali. Nikapima maji yote, nikapunguza kiasi nilichokisia, nikaandika tarakimu. Ilikaa vizuri kwenye kisanduku chake. Pembeni nikaongeza, kwa kujipamba, kwamba saa tatu mvua ilikuwa bado inanyesha.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi ule Mkuu hakungoja niende Arua, alikuja mwenyewe kwa pikipiki kukagua. Aliomba kijitabu cha mfukoni, kile tunachotoka nacho nje. Alikipekua polepole, kisha akakirudisha nyuma kurasa kadhaa, akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Hii siku ilikuwa inanyesha saa tatu?"

"Ndiyo, Mkuu. Kubwa."

"Kurasa zote za mvua iko na makunyanzi. Maji ya mikono, maji ya mbingu. Hii iko laini kama ya duka." Alinitazama. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Ayiko. Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia yote. Candiru alikuwa mlangoni na sinia la chai, akabaki palepale. Mkuu alichukua kalamu nyekundu, akakata tarakimu yangu, akaweka kistari na kutia sahihi yake. Nilijua ana haki ya kunifukuza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikwisha kulinyoosha guu langu tayari.

"Kazi sichukui," alisema. "Iko watoto yako nakula kwa hii kazi. Nachukua hii." Akaingia ndani, akamtoa adungu, akamfunga kwenye pikipiki kwa mpira. "Siku nitaona umejua kistari, utampata." Aliandika pia barua iliyonizuia kupanda daraja, na wenzangu wa rika langu wakanipita. Hilo silinung'uniki, nililitafuta mwenyewe.

Niliyoyahesabu vibaya ni yale mengine. Nilidhani nitamkosa kwa juma moja, kama mtu aachaye sigara. Nilisoma vipimo kwa saa zake, nikaziba paa la jikoni, nikapalilia mihogo mpaka majirani wakashangaa. Nilikuwa mume mwema na nilikuwa mkavu. Jumapili nilipita mbali na kwa mzee Khemis. Vidole vyangu vilicheza mezani vyenyewe, Candiru akaviona.

Kisha, bila kuniambia, akapanda gari la soko hadi Arua. Haya nimeyajua baadaye kutoka kwake. Alimkuta Mkuu ofisini, na adungu juu ya kabati.

"Mzee, mimi nakuja kuomba ile bibi mdogo," alimwambia. "Nyumba iko safi, chakula iko, lakini bwana yangu hapana iko ndani."

"Mama, wewe si ulikuwa unalalamika?"

"Nitalalamika tena. Rudisha tu."

Mkuu alimnunulia soda, akamrudisha mikono mitupu. "Bwana yako mwenyewe atamrudisha," alisema. Candiru alirudi Abuku akasema alikwenda kumwona dada yake. Mwanamke huyo alikuwa akimwonea adungu wivu tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyekwenda kumwombea. Kila nikikumbuka hilo nampenda upya.

Mwezi wa nne malaria ilinilaza siku mbili. Nilipoinuka, watu waliniambia mvua ilikuwa ndogo tu, na ningeweza kukisia bila mtu kujua. Niliandika vistari viwili, na pembeni: "Mgonjwa. Hakusoma." Nikapeleka daftari Arua. Juma lililofuata nikasikia pikipiki.

"Nimeona kistari yako," alisema Mkuu, naye tayari anafungua mpira. Aliniwekea adungu mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala. Nikampapasa. Hakuwa na vumbi. Uzi wa tatu ulikuwa mpya, na haukuwa nailoni ya wavuvi, ulikuwa waya wa breki ya pikipiki.

"Mkuu, huu uzi..."

"Panya alikata," alijibu upesi.

Panya wa Arua, basi, alikuwa na fundi wake wa nyuzi, tena alikuwa amejaribu kuzilinganisha. Candiru aliingia jikoni kucheka.

Nilitumikia Abuku, kisha Koboko mjini, kisha nikarudi Arua, nikastaafu nikiwa na cheo cha chini kuliko niliowafundisha. Arua sasa ni jiji, bodaboda zimejaa hata huoni pa kupitia. Vijana huniuliza adungu amenipa nini, nami naona wanataka jibu lenye faida. Hakunipa cheo, alininyima. Hakunitajirisha. Alinipa mahali pa kwenda ambapo sikuwa mtumishi wa mtu, na wenzangu wanne wa Abuku, ambao wawili nimewazika. Alinionyesha pia mke wangu ni nani. Kama mna kitu cha namna hiyo, kipendeni, ila mseme kweli kuhusu bei yake, na mzibe paa kwanza.

Mkuu alistaafu kabla yangu, akarudi Koboko. Sasa ni mzee sana, macho yamefifia, mkewe ametangulia. Kila mwezi naenda kumwona. Uani kwake ana kipimamvua alichojitengenezea kwa kopo la mafuta, na kila saa tatu husoma na kuandika kwenye daftari la shule. Hakuna anayemtuma. Amejaza madaftari mengi, na siku moja niliyapekua yote nikitafuta kistari, sikukiona hata kimoja. Mtu asiyekuwa na mchezo wowote alikuwa nao siku zote, mshahara tu ulikuwa umeuficha.

Mwezi uliopita nilienda na adungu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tuliketi barazani, akaomba ajaribu, nikaviweka vidole vyake kimoja kimoja kwenye nyuzi. Anajua wimbo mmoja, aliouokota kwenye lile kabati la Arua, na anaupiga kwa kusitasita. Nikaimba chini chini kumfuata. Katikati ya ubeti saa ya ukutani ikagonga, nami nikanyamaza kwa mazoea, nikainuka.

"Wewe nasimama kwa nini?"

"Saa tatu, Mkuu. Kipimo."

Aligeuza uso uani, matone yakilia kwenye kopo. Vidole vyake havikutoka kwenye nyuzi.

"Kaa chini," alisema. "Maliza wimbo."

Tulimaliza, kisha akataka turudie, tukarudia. Aliponirudishia adungu ilikuwa inakaribia saa nne. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani lilipo daftari.

"Andika kistari."

Nikaandika.

"Na sababu, Mkuu?"

Alinyoosha mkunjo wa suruali yake kwa kiganja.

"Andika kweli," alisema.

Nikaandika pembeni: "Hakusoma. Alikuwa anapiga adungu." Nikamsomea kwa sauti, akaniomba nirudie.